Stima Ilitoka Jinja, Ikakwama Kwa Ploti

Kabla Nairobi haijapata taa, watu wa Pwani walikuwa tayari na neno stima. Lilimaanisha meli ya mvuke. Leo mtu wa Kangemi akisema "stima imepotea," hakuna anayefikiria bahari. Cha kuchekesha ni kwamba stima iliyokuja kuinua Nairobi ilitoka kwa maji, tena maji ya nchi jirani.

Mwaka 1908 mhandisi Clement Hertzel alipewa haki ya kuuzia Nairobi umeme akiwa peke yake. Mwaka 1922 kampuni ya Nairobi na ile ya Mombasa zikaungana kuwa East African Power and Lighting. Mji wenyewe ulikuwa umegawanywa kwa rangi. Wazungu walijitwalia vilima vya magharibi na kaskazini, Waafrika wakasukumwa Eastlands na pembezoni.

Mwaka 1954 Malkia Elizabeth alifungua bwawa la Owen Falls, Jinja. Mwaka huohuo ikaundwa Kenya Power Company, isimamie laini ya kuleta umeme huo kutoka Tororo hadi Nairobi. Laini hiyo ni ya volti 132,000.

Mbona volti nyingi hivyo, na kwa nyumba tunatumia 240? Jibu ni hesabu ya fomu thrii. Nguvu ni volti mara ampea. Ukitaka kusafirisha wati milioni 30 kwa volti 240, unahitaji ampea 125,000. Kwa volti 132,000, hesabu ya harakaharaka inakupa ampea 227 tu. Na joto linalopotelea kwa waya ni ampea mara ampea mara ukinzani wa waya. Ampea zikipungua mara 550, hasara kwenye waya ileile inapungua mara 302,500. Bila hiyo hesabu, mto Nile ungeishia kupasha hewa ya Naivasha.

Sasa shuka Kawangware, saa moja jioni. Birika la wati 2,000 kwa volti 240 linavuta ampea 8.3. Gawanya volti kwa ampea: ukinzani wake ni omu 28.8. Tuseme waya ya kutoka mita hadi mlangoni ni nyembamba, ina omu 1.2. Jumla ni omu 30, ampea 8. Waya inakula wati 77. Si mbaya.

Lakini kwa ploti waya hiyo moja inalisha keja tano. Wote wakiwasha birika, ampea zinafika kama 34, na waya inakula zaidi ya wati 1,400. Kila birika linabaki na volti 199 hivi. Watu wameongezeka mara tano, joto limeongezeka karibu mara kumi na tisa. Ndio maana taa zinafifia, plastiki inanuka, na usiku mwingine mtaa unaamshwa na moto.

Tukisikia moto tunalaumu "stima kali." Hapana. Volti ziko chini kuliko kawaida; kilicho kali ni ampea kwenye waya ya bei rahisi. Wahandisi walipigia hesabu kila hatua kutoka Tororo. Mita hamsini za mwisho zikaachiwa landilodi na fundi aliyeambiwa apunguze gharama.

Ukienda kuona keja, usiulize tu kama kuna stima. Uliza unene wa waya, na mko wangapi juu yake.