Kioo, Almasi na Neno "Kukata"

Mji wa Mhunze ni makao makuu ya Wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga, na ndani ya wilaya hiyo yamo machimbo ya Mwadui, yaliyogunduliwa mwaka 1940 na John Williamson, mwanajiolojia wa Kanada. Mnamo Oktoba 1947 lilipatikana huko jiwe la rangi ya waridi, uzito wake karati 54.5, yaani chini kidogo ya gramu 11. Williamson alimpa Elizabeth, wakati huo Binti Mfalme wa Uingereza, liwe zawadi ya arusi. Mwaka 1948 lilitengenezwa London, likabaki karati 23.6. Zaidi ya nusu ilikwisha kuwa vumbi.

Kwa desturi husemwa kwamba jiwe hilo "lilikatwa". Neno hilo lafaa kwa mwanzo wa kazi tu, ambapo almasi hupasuliwa au hupigwa msumeno. Nyuso zake husagwa, mmoja baada ya mwingine, juu ya gurudumu la chuma lililopakwa mafuta na unga wa almasi. Tena almasi ina mkondo kama ulio nao mti: upande huu hukubali kusagwa, upande ule hukataa. Fundi wa kioo hana taabu hiyo, kwa kuwa kioo hakina mkondo. Aweza kukichonga mche au piramidi kuelekea popote apendapo.

Lakini umbo la almasi haliigiki katika kioo pasipo hasara. Marcel Tolkowsky alichapisha mwaka 1919 hesabu za pembe zinazoifanya almasi ing'ae. Ndani ya almasi, mwanga ukigonga uso kwa pembe izidiyo nyuzi 24 na nusu hivi hurudi wote; ndani ya kioo cha kawaida zahitajiwa nyuzi 42 hivi. Kioo kilichochongwa kwa vipimo vile huvujisha mwanga kwa chini.

Kiswahili kilipokea kutoka Kiarabu almasi na bilauri. Hili la pili, ambalo asili yake ni jiwe angavu, limekuwa chombo cha kunywea, nalo neno kioo hubeba pia maana ya cha kujitazamia. Kwa kazi yenyewe, kuchonga ni bora kuliko kukata: mchonga mtumbwi naye hupata umbo kwa kuondoa, na chembe zilizoondolewa huonekana miguuni pake. Zile karati 30.9 hazikuonekana tena. Mwaka 1953 Cartier walilitia jiwe lililobaki katikati ya bizimu yenye umbo la ua.