Gemu ni Ile Ile, Tivii Ndiyo Iliyobadilika

Juzi nimetoa PS2 ya marehemu mjomba chini ya kitanda, nyumbani Kibokoni. Nikaichomeka kwa tivii bapa ya mamangu na zile nyaya tatu: njano, nyeupe, nyekundu. Eh! Picha ina ukungu, wachezaji wamenenepa, nyuso hazina macho. Mdogo wangu akacheka: "Hii ndiyo mlikuwa mkiisifu?"

Iliniuma, wallahi. Nikaanza kusoma, na jibu nikalikuta kwa historia.

Kenya tulifuata PAL, mfumo uliozaliwa Ujerumani miaka ya 60: mistari 625, mara 50 kwa sekunde. Japani na Marekani walikuwa na NTSC: mistari 525, mara 60. Ndo maana CD ya Japani kwenye PS1 iliyochezewa mara nyingi ilitoa picha nyeusi na nyeupe. Na gemu nyingi za PAL hazikurekebishwa, zikaenda polepole kwa kama asilimia 17. Aliyecheza Sonic wa PAL alicheza na Sonic mchovu, na hakujua.

Tivii nene yenye kisogo ilichora picha kwa miale ya elektroni, mstari kwa mstari. Famicom ya 1983 na PS1 ya 1994 zilituma mistari 240 hivi tu, na mng'ao wa kioo ukalainisha kingo. Waliochora gemu walizitazama kwa tivii hizo hizo. Tivii bapa ina vitone visivyohama, mistari 1080 au 2160. Lazima ivute ile picha ndogo ijaze kioo, na nyingi hukosea kuisoma. Hapo ndo unapata ukungu, na kontrola inachelewa.

Sasa ufanye nini? Moja, rudisha umbo la 4:3, usikubali picha ivutwe pembeni. Mbili, washa hali ya gemu na upunguze ukali wa picha. Tatu, kwa PS2, tafuta waya wa komponenti wenye kijani, buluu na nyekundu kwa picha, kama tivii yako ina matundu yake, kisha ubadilishe mpangilio ndani ya PS2. Vile viadapta vya bei rahisi vya HDMI vinavyochomekwa zile nyaya tatu haviongezi kitu, vinabeba ule ule ukungu. Mwenye pesa anunue OSSC au RetroTINK, zimetengenezwa kwa kazi hii.

Lakini dawa kamili ni tivii ya zamani, na hapo ndo roho inaniuma. Mwaka 2015 mitambo ya analogi ilipozimwa, kilichohitajika kilikuwa king'amuzi tu. Sisi tukaona tivii imekufa. Yetu ilienda kwa mtu wa skrepa, ikapasuliwa kwa ajili ya shaba, na kioo kile kina madini ya risasi. Watoto tulisimama pale tukitazama.

Mji wa Kale tunajua kulinda milango ya mbao. Hakuna aliyetuambia kwamba hata sanduku lile sebuleni lilikuwa historia.

Nilipata waya wa komponenti, nikarekebisha, nikamwita mdogo wangu. Safari hii hakucheka. Aliomba kontrola ya pili.

Kama kwa nyanyako bado iko moja yenye kisogo, usiitupe. Niambie kwanza.