Ile siku ya Mungu ya mupira: 4 Januari 1959

Bandugu, kila tarehe 4 Januari tunabaki nyumbani: hakuna kazi, hakuna masomo. Uliza mwanafunzi sababu, atakujibu ABAKO na Kasa-Vubu. Si uongo. Lakini anasahau mupira, na sisi wenye diplome njo tunasahau zaidi, juu tumezoea kusema mchezo ni mambo ya watoto na ya wavivu.

Mwanahistoria wa Uholanzi, Johan Huizinga, aliandika kinyume chake mwaka wa 1938: mchezo ulitangulia ustaarabu, hata wanyama wanacheza. Na kuna wazo lake moja lenye kunikaa kichwani. Mwenye kuiba mchezoni ni afadhali kuliko mwenye kuuvunja, juu mwizi anajificha, kumbe angali anaheshimu sheria.

Sasa tuone Léopoldville. Mapadri walifundisha vijana mupira, na padri Raphaël de la Kethulle, Tata Raphaël, alijenga viwanja. Mupango ulikuwa wazi: siku ya Mungu kijana akimbilie mupira, asikimbilie pombe wala siasa. Lakini mupira uliingia na sheria yake, kumi na mmoja kwa kumi na mmoja, goli ni goli. Usiku mtu mweusi hakuruhusiwa kuzunguka mtaa wa bazungu bila karatasi; kiwanjani, kwa dakika 90, aliweza kuwashinda mbele ya watu wote.

Tarehe 16 Juni 1957 ekipe ya Ubelgiji, Union Saint-Gilloise, ilicheza na ya Léopoldville. Mwamuzi Mbelgiji alikataa magoli ya Wakongo. Watu walitoka wakitupia magari ya bazungu mawe. Kwangu mimi, siku ile mchezo ulivunjwa waziwazi, na aliyeuvunja ndiye yule yule aliyeleta sheria.

Miaka miwili ilikuwa haijatimia, tukafika ile siku ya Mungu ya Januari. ABAKO walipanga mukutano kwenye YMCA, serikali ikakatala. Kasa-Vubu aliomba watu warudi nyumbani, wengi hawakurudi. Karibu na pale, Stade Roi Baudouin ilikuwa inamwaga maelfu ya mashabiki barabarani. V.Club ilikuwa imeshindwa, roho zilikuwa moto. Mukutano ulinyimwa ruhusa, lakini mechi ilikuwa nayo! Makundi mawili yakawa moja. Fujo ilichukua siku kadhaa. Serikali ilihesabu wafu karibu 50, na wengi hawakuiamini ile hesabu. Tarehe 13 Januari mfalme Baudouin alitaja uhuru kwenye redio.

Sisemi mupira njo ulileta uhuru. Ukosefu wa kazi ulikuwa umeshajaa kwenye cité. Lakini kukutana maelfu kwa maelfu, kulalamika kwa sauti moja, kutambua sheria inapopindishwa, hayo watu walijifunzia pale kiwanjani.

Kiwanja kingali pale. Kiliitwa Roi Baudouin, halafu 20 Mai, Ali akampiga Foreman ndani yake mwaka wa 1974. Leo kinaitwa Tata Raphaël, jina la padri mwenye kutaka vijana wapitishe siku ya Mungu kwa utulivu.