Mawese ya Sombe na Mawese ya Sabuni

Siku tulipopokea wageni wa mahari ya dada yangu kule Masisi, mimi mwenye lisansi ya agronomia ndiye niliyetumwa sokoni kununua mawese. Nilikuta vidumu viwili, vyote vyekundu. Nikachukua cha bei ya chini na kujisifu. Wageni walipokaa kula, sombe ilinuka na kukwaruza koo. Mama mkubwa akaniuliza mbele yao: "Mwanangu, ni hii ulienda kusomea?" Nilinyamaza.

Tatizo la Masisi ni la mwinuko. Kwetu ni juu, kwa baridi, kwa ng'ombe na viazi. Mchikichi unapenda joto, kwa hiyo mawese yetu yanapanda kutoka Walikale, chini msituni. Mnunuzi hajaona ngazi zikivunwa. Anahukumu kwa macho tu.

Na macho yanadanganya. Tunda likishakatwa na kuchubuka, vimeng'enya vyake vinaanza kuvunja mafuta na kuyafanya kuwa na asidi. Mikungu ikiachwa siku nyingi, ngazi zinachomoka kwa urahisi na kazi inapungua, lakini asidi inapanda. Katika biashara ya kimataifa, mawese ghafi kwa kawaida hayatakiwi kupita 5% ya asidi hiyo. Rangi nyekundu inabaki hata yakiharibika.

Sasa tuangalie historia. Mwaka 1911, Lever, Mwingereza wa sabuni, alipewa na Ubelgiji maeneo makubwa ya michikichi Kongo. Alitafuta mafuta ya viwanda vyake, siyo ya sombe yetu. Sabuni haina koo: asidi haiisumbui sana. Baadaye, mwaka 1941, watafiti Beirnaert na Vanderweyen wa kituo cha Yangambi walichapisha jambo kubwa: ukizalisha dura, wenye gamba nene, na pisifera, usio na gamba, unapata tenera, wenye gamba jembamba na nyama nyingi. Mashamba ya Malaysia na Indonesia yakajengwa juu ya ujuzi huo. Yale mafuta meupe kutoka Asia tunayonunua dukani ni wajukuu wa Yangambi, ila yamesafishwa mpaka karotini, ile inayompa mtoto vitamini A, imeondoka.

Ndiyo maana nasema: sayansi yetu ilitupa wingi, lakini uzuri unategemea siku kati ya panga na sufuria. Mama wa Walikale anayewahi kupika ngazi zake anachoka zaidi. Tukimlipa sawa na aliyeziacha zioze, kesho na yeye ataziacha. Halafu tutalalamika kwamba ya kwetu ni mabaya.

Sisemi kidumu cha bei rahisi kitupwe. Kina kazi yake: sabuni. Kwa sombe na maharagwe, ongeza pesa kidogo. Usiangalie rangi. Nusa, onja tone moja kwenye ulimi, kisha uliza: "Mama, ngazi mlizikata lini, mkapika lini?" Anayewahi kupika atakujibu bila kufikiri.

Wiki iliyofuata nilirudi sokoni na kuuliza hivyo. Nilimpelekea mama mkubwa chupa moja. Alionja, hakusema kitu, akaifungia kabatini. Nikajua nimesamehewa.