Saa mpya ya kifahari yenye kifaa kisicho chake: Uirudishe, itengenezwe au ubaki nayo?

Na Mwandishi Wetu

MNUNUZI wa saa mpya ya kifahari huweza kugundua, siku chache baada ya kulipa, kwamba saa yake ina kifaa kisicho chake. Huenda akrabu ni za toleo jingine, herufi za tarehe hazifanani na zile za kwenye picha, au kifungo cha mkanda ni cha aina tofauti.

Saa hiyo huweza kwenda barabara bila kupoteza dakika. Hata hivyo, siyo saa aliyoelezwa dukani.

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba kosa lipo kweli, kwa sababu viwanda hubadilisha vifaa vidogo bila kubadili jina la toleo. Linganisha saa na maelezo rasmi ya toleo husika, kisha linganisha namba iliyochongwa kwenye saa na ile ya cheti cha dhamana. Zikitofautiana, hilo ni suala zito zaidi: huenda saa ni bandia au imeunganishwa kwa vifaa vya saa kadhaa.

Kosa likithibitika, usiivae saa hiyo wala usipunguze pingili za mkanda. Piga picha na uliandikie duka siku hiyo hiyo, kwani muda una uzito kisheria.

Nchini Uingereza, Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015 humpa mnunuzi siku 30 za kurudisha bidhaa isiyolingana na maelezo na kurejeshewa fedha zote. Zikipita, duka hupewa kwanza nafasi moja ya kutengeneza au kubadilisha. Tanzania nayo, kupitia Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, huweka sharti kwamba bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo.

Dhamana ya kiwanda ni jambo jingine. Rolex hutoa dhamana ya miaka 5 tangu mwaka 2015, lakini dhamana za namna hiyo kwa kawaida huahidi matengenezo, si fedha. Tena hupotea endapo saa itawekewa vifaa visivyo vya kiwanda, hivyo usimpelekee fundi wa mtaani.

Kifaa chenye kosa kikiwa cha nje, kama kifungo cha mkanda, kukibadilisha kwa wakala aliyeidhinishwa kunatosha. Kikiwa ndani, saa mpya italazimika kufunguliwa na kupimwa upya uwezo wake wa kuzuia maji. Hapo ni afadhali kudai saa nyingine au fedha, maadamu muda haujapita.

Wapo wanaobaki na saa wakitumaini kwamba kosa litaipandisha bei. Ni kweli kwamba baadhi ya saa za Rolex Daytona za miaka ya 1990, ambazo pete za vijiduara vyake zimegeuka rangi ya kahawia, hutafutwa sana na wakusanyaji. Lakini hizo zilibadilika rangi zenyewe, zikiwa na vifaa vyake halisi.

Anayeamua kubaki na saa yenye kosa aombe kwanza barua ya wakala inayothibitisha kwamba ilitoka kiwandani hivyo. Bila barua hiyo, siku atakapoiuza, mnunuzi atadhani kwamba yeye ndiye aliyekibadilisha kifaa hicho.