Shamba la Nabothi na Nyanda za Basotu



Tunaposoma habari za shamba la Nabothi katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, tunamlaumu Ahabu na Yezebeli, tukawasahau wazee wa mji. Ndio waliopokea barua, wakaitisha kikao, wakawasikiliza mashahidi wa uongo na kutoa hukumu. Shamba halikuporwa usiku. Lilichukuliwa kwa utaratibu. Mnyonge hulindwa, au huangamizwa, na vyombo vya jamii yake. Tuitazame historia ya mkoa wetu kwa jicho hilo.

Msafiri atokaye Babati kwenda Singida hupita chini ya Mlima Hanang. Ng'ambo ya mlima ziko nyanda za Basotu, malisho ya Wabarabaig. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilianzisha huko mashamba ya ngano ambayo hatimaye yalifikia ekari zipatazo 100,000. Taifa lilihitaji chakula, na hitaji hilo lilikuwa la kweli. Lakini wafugaji waliondolewa, njia za mifugo zikafungwa, na makaburi ya wazee wao yakapitiwa na matrekta.

Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani. Mahakama Kuu, Arusha, ilikipa ushindi; mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua. Ilionekana kwamba kijiji hakikuthibitisha kugawiwa ardhi ile kwa mujibu wa sheria, na kwamba wadai hawakuthibitisha kuwa wao ni wenyeji kwa maana ya sheria. Watu waliozika wazazi wao pale walidaiwa ushahidi wa uenyeji! Wengi walitawanyika na ng'ombe wao hadi mikoa ya mbali.

Hata hivyo, Mahakama hiyohiyo ilitoa hukumu nyingine iliyobadili mambo. Sheria ya mwaka 1992 ilikuwa imefuta haki za kimila za ardhi katika vijiji na kuzuia watu kuzidai mahakamani. Mzee Lohay Akonaay na mwanawe, wa Kambi ya Simba katika Karatu ya leo, waliipinga. Desemba 1994 Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba haki ya kimila katika ardhi ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba. Kisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikaipa haki ya kimila hadhi sawa na hati itolewayo na Serikali.

Matunda yake yalionekana Mbulu. Wahadzabe, wawindaji na warina asali ambao idadi yao ni kama elfu moja na ushei, walikuwa wakipoteza misitu yao. Mwaka 2007 kampuni moja ya uwindaji kutoka ng'ambo ilitaka kulishika bonde la Yaeda, ikajitoa baada ya kupingwa. Mwaka 2011 Wahadzabe walipokea hati ya kimila ya pamoja kwa zaidi ya hekta 20,000. Wabarabaig wa Basotu hawakuwa na karatasi kama hiyo.

Je, karatasi yatosha? Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilianza kazi mwaka 2001. Wananchi wa Nyamuma, Serengeti, walioondolewa makwao mwaka huohuo, waliilalamikia, nayo ikaona kwamba walidhulumiwa. Serikali ilikataa kuyatekeleza mapendekezo yake. Chombo kisichoweza kumwambia mwenye nguvu “hapana” akatii, ni kinyago cha haki.

Ndugu wapendwa, tusiiachie Dodoma peke yake kazi hii. Walioingia katika misitu ya Wahadzabe si kampuni tu. Ni wakulima na wafugaji pia, majirani zetu, pengine jamaa zetu. Hatima ya ardhi ya walio wachache huanzia katika mkutano mkuu wa kijiji, ambako sisi ndio wengi, na katika Baraza la Ardhi la Kijiji, ambako wamo waamini wa parokia zetu. Hapo sisi ndio wale wazee wa mji. Barua ya Yezebeli ikifika kikaoni, pengine na bahasha ndani yake, tutapiga kura gani?