Mtoto amemaliza tiba ya saratani, mbona darasani anachelewa?

Mtoto wa Nyandira au Kinole akigundulika kuwa na saratani, safari yake kwa kawaida hushuka mlimani, hupita Morogoro mjini na kuishia Dar es Salaam. Hadi mwaka 2011 watoto walilazwa Taasisi ya Saratani Ocean Road. Mwaka huo huduma yao ilihamishiwa Hospitali ya Taifa Muhimbili, ambako shirika la Tumaini la Maisha husaidia matibabu. Tangu Juni 2024 treni ya umeme hutoka Morogoro hadi Dar kwa muda usiofika saa mbili. Kushuka kutoka Mgeta wakati wa masika, hiyo ni habari nyingine.

Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona, na mwaka 2018 liliweka lengo la kufikia angalau asilimia 60 duniani kote ifikapo 2030. Kadiri watoto wengi zaidi wanavyorudi nyumbani, ndivyo tunavyolisikia zaidi swali la kichwa cha habari hii.

Jibu fupi ni kwamba baadhi ya tiba zinazookoa maisha hugusa pia ubongo. Saratani ya damu hupenda kujificha kwenye ubongo na uti wa mgongo, ndiyo maana mtoto hudungwa sindano za mgongo zenye dawa kama methotreksati, na wengine hupigwa mionzi ya kichwa. Mwenye uvimbe wa ubongo hufanyiwa upasuaji, na mara nyingi mionzi hufuata. Nyaya za ubongo zina ganda la mafuta linalofanya ujumbe upite haraka, na ganda hilo huendelea kujengeka hadi ujanani. Mionzi hulidhoofisha. Kadiri mtoto alivyokuwa mdogo alipotibiwa, hasa chini ya miaka mitatu, ndivyo athari inavyoweza kuwa kubwa.

Kinachowachanganya wazazi ni kwamba athari hizi zinaweza kuchelewa miaka kadhaa. Mtoto hasahau aliyokwisha kujifunza. Anajifunza mapya polepole kuliko wenzake, na pengo linapanuka. Akiambiwa mambo matatu kwa mpigo, hukumbuka moja. Mwalimu ameshafuta ubao, yeye yuko mstari wa pili. Hapo huitwa mvivu, au hupigwa viboko, au majirani huanza minong'ono ya kurogwa. Kiboko hakijawahi kuharakisha ubongo.

Mwanasaikolojia wa ubongo ndiye hulichunguza jambo hili. Hatumii mashine wala sindano. Hukaa na mtoto saa mbili au tatu, akimwomba arudie tarakimu mbele kisha kinyumenyume, anakili mchoro na baadaye auchore bila kuutazama, asimulie upya hadithi aliyoisikia nusu saa iliyopita. Hatafuti alama moja ya akili. Anatafuta ni wapi hasa mtoto anakwama. Pia hutenganisha sababu. Dawa ya sisplatini inaweza kupunguza usikivu, na vinkristini hutia ganzi vidoleni hadi mwandiko ukaharibika. Mtoto asiyesikia vizuri nyuma ya darasa anahitaji kukaa mbele, si masomo ya ziada.

Wataalamu hawa ni wachache mno Afrika Mashariki, na vipimo vingi vilitungwa kwa watoto wa Ulaya na Marekani. Mtoto anayezungumza Kiluguru nyumbani, akioneshwa picha ya kitu asichowahi kukiona, atakosa bila ubongo wake kuwa na tatizo. Watafiti wa Kilifi, Kenya, walilitambua hilo na kutunga kipimo chao cha ukuaji wa watoto wadogo kwa kutumia vitu vya mazingira yao. Kazi ya aina hiyo inahitajika huku kwetu pia.

Mzazi asisubiri mpaka apatikane mtaalamu. Siku ya kliniki muulize daktari: mwanangu alipigwa mionzi ya kichwa? Alipewa dawa gani, akiwa na umri gani? Omba yaandikwe, na karatasi hiyo ifike kwa mwalimu mkuu. Kwa Waluguru, ambako ukoo hufuatwa kwa upande wa mama, mjomba naye asikie maelezo hayo, kwani sauti yake ni nzito. Maagizo yatolewe moja moja, na mtoto apewe maandishi badala ya kunakili ubaoni. Baraza la Mitihani huwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu, lakini shule ndiyo hupeleka taarifa, kwa hiyo lizungumzwe mapema, si wiki ya mtihani. Kidato cha kwanza kiangaliwe kwa makini zaidi, maana hapo masomo hugeuka kuwa ya Kiingereza na kasi huongezeka.

Lakini mtoto akianza kuumwa kichwa na kutapika asubuhi, kuyumba anapotembea au kupata degedege, hilo si suala la shule. Arudishwe hospitali siku hiyohiyo.